Ngoma Mlangoni kwa Bi Shufaa

"Kikalie hicho cheti chake! Kioshe, kipike, umpe mwali ale!"

"Mwanatumu, punguza sauti, watu wamelala."

"Saa kumi za jioni nani kalala? Wote hawa wapo barazani wananisikiliza mimi!"

Hapo Bi Mwanatumu alisema kweli. Uchochoro mzima wa Kwa Binti Dege tulikuwepo. Mimi nilikuwa natoka kununua vitunguu, na kwa kuwa si adabu kumkatiza mtu katikati ya ugomvi wake, nilisimama. Nikapewa kigoda. Mwenye kigoda akanisogezea na kahawa, basi kuondoka ikawa ni utovu wa shukrani.

Bi Mwanatumu alikuwa kaning'inia dirishani kwake, kanga kaifunga kiunoni lile fundo la mtu aliyekuja kwa kazi. Bi Shufaa, jirani yake wa ukuta mmoja, kasimama kizingitini na mwiko mkononi, uso kaukunja, macho anayakwepesha.

"Nakuuliza, Shufaa. Ulipolazwa hospitali, Zaituni alinyonya kwa nani?"

"Kwako."

"Kasukwa na nani? Siku aliyovunja ungo alikimbilia wapi?"

"Kwako, Mwanatumu. Mbona unaniuliza na majibu unayo?"

"Kwa hiyo mwali yumo ndani, harusi Ijumaa, na somo wa kumfunda ni nani? Ludovick! Ludovick wa ofisi ya kata! Mwanamume hana hata mke. Atamfunda nini mtoto wa watu, kugonga mhuri?"

Tulicheka. Tulijitahidi kucheka kwa heshima, lakini tulicheka.

"Ndiyo sheria," akasema Bi Shufaa. "Somo asiye na cheti, harusi haipewi kibali. Mimi nifanyeje, nikaoze kichakani?"

"Ungekuja kuniambia!" Na hapo sauti ya Bi Mwanatumu ikashuka, na alipoishusha ndipo sote tulipoacha kucheka. "Ukuta mmoja, Shufaa. Ukikohoa nasikia. Nimekuja kuambiwa bombani, na watu, ndoo kichwani."

Bi Shufaa akaanza kuukwangua mwiko kwa kucha.

"Haya," akasema Bi Mwanatumu. "Maneno yameisha. Nitakuja kukuchezea mlangoni."

Mtu akakumbuka kuwa kaacha maji jikoni. Mwingine akamwita mwanawe ambaye alikuwa kampakata. Maana katika Jamhuri yetu ya Tulieni, Bi Mwanatumu alikuwa ametamka jambo la kwenda nalo jela.

* * *

Kwa wageni, nieleze kidogo. Uchochoroni kwetu, ugomvi wa majirani ukishindikana kwa maneno humalizwa kwa miguu. Aliyekosewa anakuja na ngoma yake na wenzake, anasimama mbele ya mlango wa mkosaji, anacheza. Anacheza yote yaliyomkaa rohoni. Mwenye mlango anatazama. Yakimwingia, ana jibu moja tu: "Karibu ndani, chakula kipo." Wanakula, yamekwisha. Yasipomwingia, anafunga mlango, na kesho ngoma inarudi. Kuuliza ile ngoma ilikuwa na maana gani ni mwiko. Anayeuliza tunamhesabu hakuwepo.

Utaratibu huo ulitufaa tangu enzi za mabibi zetu, mpaka ile sherehe ya taifa kule uwanjani.

Siku ile kikundi cha mtaani kwetu kilipewa heshima ya kucheza mbele ya Mheshimiwa Sana. Jina lake halitajwi, tuliambiwa ni kwa kulihifadhi lisichakae. Wachezaji wakainama, wakachuma. Wakajitwisha walichochuma, wakatembea nacho juani, shingo zinatetemeka, wakakitua mbele ya mwenzao mmoja mnene. Yule mnene akakikalia. Akajipapasa tumbo. Wenzake wakampepea, halafu wakampigia makofi marefu ambayo viganja havikugusana.

Uwanja mzima ulilala kwa kicheko. Watu walishikana mabega. Aliyecheka kuliko wote ni Mheshimiwa Sana mwenyewe, hata miwani ikadondoka.

Ndani ya gari, njiani kurudi ikulu, akajifuta machozi akauliza, "Hivi tulikuwa tunacheka nini?"

Dereva akaishika barabara kwa macho kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Pembeni yake Mheshimiwa alikuwa kakaa bwana mmoja aitwaye Kasimbazi, wakati huo mshauri wa mapambo ya taifa, na yeye alijua vizuri sana tulikuwa tunacheka nini.

"Kilimo, Mheshimiwa," akasema Kasimbazi.

"Kilimo kinachekesha?"

"Sana, Mheshimiwa. Kikikubali."

Mheshimiwa Sana alitafakari jibu hilo wiki nzima. Kisha ikatoka Sheria ya Maana: hakuna raia atakayecheza kabla hajaiarifu serikali kwa maandishi anamaanisha nini. Na Kasimbazi, kwa kuonyesha uelewa mpana wa ngoma, akateuliwa Waziri wa Viungo na Utulivu. Suala la watoto wanaopiga mateke tumboni mwa mama zao liliahirishwa hadi kikao kijacho cha bunge.

* * *

Serikali yetu haipendi kukataza jambo bila kulifanyia utafiti. Ikajengwa Taasisi ya Taifa ya Taaluma ya Ngoma, jengo la kupendeza, sakafu ya marumaru. Kucheza ndani ni marufuku, sakafu ingekwaruzika.

Siku ya ufunguzi Waziri Kasimbazi alihutubia, na sisi tulipelekwa kwa malori tukashangilie.

"Ndugu wananchi," alisema, "kiuno ni rasilimali! Kwa miaka mingi kiuno cha mwananchi huyu kimezunguka bila mpango, bila takwimu, bila kulinufaisha taifa. Wenzetu walioendelea kiuno wanakisoma! Je, sisi tutaendelea kukizungusha tu kama hatuna akili? Ninasema hapana! Kuanzia leo, kwanza tunakielewa, halafu, hali ya uchumi ikiruhusu, tunakizungusha!"

Tukashangilia kwa mikono, miili imetulia.

Taasisi ikagawanywa kitivo cha Kiuno na kitivo cha Mabega, na wakuu wa vitivo hivyo mpaka leo hawasalimiani. Kijana mmoja wa Mabega alionekana kwenye harusi ya dada yake akitikisa kiuno. Alisimamishwa masomo kwa kuingilia fani isiyo yake.

Ndiko alikohitimu Ludovick Mpangala, akaletwa kwetu kuwa Afisa Maana wa Kata. Kijana mpole, anasalimia kila mtu, suruali imepigwa pasi hadi inakata. Utafiti wake ulihusu kwa nini mguu uliokwenda juu hurudi chini, na inasemekana alikaribia sana kupata jibu. Siku ya mahafali bendi ilipopiga, yeye na wenzake walisimama wima bila kutikisika ukope, na wazazi walilia kwa fahari.

Kwa kuwa ndiye peke yake kwenye kata mwenye cheti, kila mwali akawa wake. Kwa Zaituni alipofika, wanawake walimwekea pazia, maana ni mwanamume, akae upande wa pili. Akafungua makabrasha yake.

"Mtarajiwa," akaanza, "ngoma ya unyagoni ni mfumo wa ishara. Kiuno kina mihimili miwili, wa mlalo na wa wima. Leo tutauangalia wa mlalo, kinadharia."

"Kaka Ludo," akauliza Zaituni ndani ya pazia, "wewe umeshawahi kucheza?"

"Ningepoteza usawa wa kitaaluma."

"Na mke huna."

"Mke hayumo kwenye mtaala."

Shangazi mmoja alitoka nje, akaangua kicheko kilichosikika sokoni. Lakini Zaituni hakucheka. Alimwita mama yake akamwambia hafundwi na pazia na hatoki ndani. Mama Mwanatumu ndiye atakayemfunika kanga ya kutokea siku ya Ijumaa, la sivyo bwana harusi aje aoe cheti. Akajigeuza ukutani, ule ukuta wa kwa Bi Mwanatumu. Sahani ya chakula ikaingia, ikatoka vilevile.

Bi Shufaa alikaa jikoni na mwiko wake. Tulimwona wenyewe. Dirisha la jiko linatazama njia, na njia ni ya watu wote.

* * *

Kesho yake Bi Mwanatumu alikwenda ofisi ya kata kuomba kibali, na sisi tukamsindikiza ili asijisikie mpweke. Tulijaa hadi kwenye ngazi.

"Shikamoo mama," akasema Ludovick.

"Marahaba. Nataka kucheza mlangoni kwa Shufaa."

"Vizuri. Ngoma itamaanisha nini?"

"Mwanangu, ningeweza kusema si ningesema? Ningejitesa na goti hili kucheza kwa nini?"

Ludovick alilikubali swali hilo kuwa gumu. Akatazama kwenye droo yake.

"Maana zilizoidhinishwa na wizara ni furaha ya mavuno, shukrani kwa maendeleo, na kumkaribisha kiongozi."

"Hasira haipo?"

"Ilikuwepo kwenye rasimu, ikaondolewa."

"Uchungu?"

"Uchungu uko Wizara ya Afya."

"Na mtu ukitaka kumwonyesha shoga yako kwamba amekuumiza na bado unampenda?"

Kalamu ya Ludovick ikabaki juu. "Hiyo," akasema polepole, "nadhani ni ya shahada ya pili."

Bi Mwanatumu akavuta pumzi. Mavuno hana, shamba lao lilichukuliwa na barabara. Maendeleo ndiyo hiyo barabara.

"Basi nipe ya kumkaribisha kiongozi."

"Kiongozi gani?"

"Yeyote. Chagueni wenyewe."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo angeweza kulifanya mtu wa kwetu tu, aliyezoea kwamba karatasi ikishagongwa mhuri hakuna anayeisoma tena. Hii ilisomwa. Ikapanda wilayani, ikapanda mkoani, ikafika wizarani, na kote huko wakagundua kwamba ni kinyume cha sheria kumkaribisha kiongozi ambaye hayupo. Waziri Kasimbazi akakitia saini kibali mwenyewe. Kisha, kwa kuwa alishaweka saini, ikabidi aje.

* * *

Alikuja Alhamisi baada ya alasiri, siku moja kabla ya harusi. Gari lake halikuingia uchochoroni, likakwama baina ya kuta mbili kama mfupa kooni, akatolewa kwa mlango wa nyuma. Kiti cha kumfaa hakikuwepo isipokuwa kile kikubwa cha kwa Bi Mwanatumu, kikabebwa. Kikawekwa pale pale kwenye kizingiti cha Bi Shufaa, maana kibali kilisema "mlangoni". Waziri akakaa, akaziba njia. Nyuma ya mabega yake ukauona uso wa Bi Shufaa na ncha ya mwiko. Kule ndani pilau ilikuwa inapaliwa makaa. Dirishani pazia likasogea, tukajua mwali anachungulia.

Tulikuwa tumejaa hadi juu ya mapaa. Mimi nilipata nafasi nzuri karibu na askari, nilimwambia ni ndugu wa bwana harusi.

Ludovick akashika kipaza sauti. "Mheshimiwa Waziri, ngoma ya kumkaribisha kiongozi!"

Ngoma ikalia. Bi Mwanatumu akatoka nyumbani kwake peke yake, miguu mitupu, mwili mzito, goti baya analikokota kidogo. Mkono mmoja juu, kana kwamba kichwani ana ndoo.

"Mchezaji anaashiria mradi wa maji," akatangaza Ludovick.

Bi Mwanatumu akawa anatembea na ndoo yake, anasalimia huku na huku. Mara akasimama. Kaambiwa jambo. Shingo ikakaza. Ndoo ikayumba, ikayumba tena, na mwili wote ukahangaika chini yake isimwagike mbele za watu.

"Usambazaji wa maji," akasema Ludovick, "unaendelea vizuri."

Kisha akachukua mtoto hewani, akampakata upande wa kushoto. Akachukua wa pili, wa mtu mwingine, akampakata kulia. Akawayumbisha wote wawili, na yule wa kulia akamtazama zaidi, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa. Akamsuka. Akampangusa uso. Akamsimamisha dede, akamwachia, akarudi kinyumenyume huku kapanua mikono, mtoto anamfuata.

"Afya ya mama na mtoto..." akaanza Ludovick, na hakumaliza.

Bi Mwanatumu akafika kwenye ukuta, ule ukuta wao mmoja ambao haukuwepo pale. Akaugonga. Akasikiliza. Akaugonga tena, taratibu, namna wanavyogongeana wanawake waliozoeana, kuulizana kama kuna chumvi. Akaweka sikio. Ngoma ikashuka hadi ukasikia makaa yanapasuka jikoni. Hakufunguliwa. Akabaki pale, sikio ukutani, na kiuno chake kile kikubwa tulichokizoea harusini kikawa kinazunguka polepole, pale pale, kama mtu anayejibembeleza mwenyewe asilie.

Mimi sisemi ilikuwa na maana gani. Sheria ipo. Nasema tu kwamba yule askari aliniomba pembe ya kanga yangu ajifutie pua, na kwamba kipaza sauti kilikuwa kimya, na kisigino cha Ludovick kilikuwa kinapanda na kushuka bila yeye kujua, na kilikuwa kwenye mapigo.

Waziri akainama pembeni. "Ludovick. Maana yake nini?"

"Kumkaribisha kiongozi, Mheshimiwa."

"Mbona najisikia kama nimemkosea mama yangu mdogo?"

Ludovick akafunua makabrasha yake.

Ngoma ikakoma. Na sote, mapaani na chini, tukaacha kumtazama Bi Mwanatumu tukamtazama Bi Shufaa. Alikuwa amebanwa baina ya mlango na mgongo wa serikali. Akinyamaza, Zaituni hatoki kesho, na ule ukuta unabaki ukuta. Akisema yale maneno mawili matatu, atakuwa amekiri mbele ya Waziri kwamba ameelewa kitu kisichomo kwenye kibali, na kibali cha harusi kinaweza kufutwa pale pale.

Tuliona mwiko unatua chini.

"Samahani, baba, sogea kidogo," akamwambia Waziri, akasukuma kiti kwa nyonga, akapita. Akasimama mbele ya Bi Mwanatumu, machozi yanamtoka waziwazi.

"Mwanatumu. Karibu ndani. Chakula kipo."

Kelele zilizopigwa pale zililiamsha hata gari lililokwama, honi ikalia yenyewe.

"Kimya!" Waziri akasimama. "Ngoma iliyoombewa kibali ni ya kumkaribisha kiongozi. Nimekaa, nimetazama. Nani amekaribishwa?"

"Bi Mwanatumu, Mheshimiwa," akasema Ludovick.

"Kwa hiyo?"

Masikini Ludovick. Ukiisoma sheria, hakukuwa na pa kutokea. "Ngoma ilikuwa ya kumkaribisha kiongozi. Imechezwa kihalali. Aliyekaribishwa ni Bi Mwanatumu. Kwa hiyo, kisheria, Mheshimiwa, kiongozi..." Akakitazama tena kibali. "Ama ni yeye, ama kibali ni cha uongo."

"Na kibali nani kakisaini?"

"Wewe, Mheshimiwa."

Waziri Kasimbazi ni mtu aliyepanda cheo kwa kujua wakati wa kusema kilimo. Alitazama mapaa, alitazama umati.

"Basi ni yeye," akasema kwa sauti ndogo.

Askari walisikia amri, wakabana visigino, wakampigia Bi Mwanatumu saluti. Yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa kwenye saluti.

"Ludovick," akasema.

"Naam, Kiongozi."

"Cheti chako unacho?"

"Ninacho, mama."

"Kitunze vizuri, mwanangu, kisilowe. Mwali nipe mimi. Na wewe ingia ule, kisigino chako nimekiona."

Pazia dirishani likang'oka na fimbo yake. Ndani tukasikia vigelegele, na sauti ya Zaituni anauliza sahani yake iko wapi.

Wakaingia wameshikana mikono, Shufaa na Mwanatumu, wanagombana tayari ni nani aliyetia mdalasini mwingi. Ludovick nyuma yao. Mimi nilikuwa nimeshaingia, kwa ajili ya vitunguu. Vijana wakakichukua kiti kikubwa, maana ni cha Bi Mwanatumu na goti lake halikai chini, wakamwacha Waziri amesimama peke yake uchochoroni. Gari bado limekwama. Harufu ya pilau ikatoka mlangoni ikamzunguka.

"Nani huyo kivulini hapo nje?" akauliza Bi Mwanatumu, tonge mkononi.

"Waziri," tukamwambia.

"Ana shida gani?"

Waziri wa Viungo na Utulivu akakohoa. "Hapana, mama. Nilikuwa napita tu."

"Pilau ikinukia wote huwa wanapita tu. Shufaa, msogezee sinia. Ingia ule, baba. Viatu vua hapo."